Kreti Namba Ishirini na Saba

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, vijana wangu wa ofisini, nami sina tena pa kuwahi. Mliniomba pia niandike niliyoyaona kazini, eti yatawafaa. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara wangu mnaujua, maana ndio huo huo mnaoupokea. Nitaandika habari za maharage machanga, ambayo niliyakagua zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi, na habari za mama mmoja wa kule Malindi, hii yetu ya milima ya Lushoto. Anayetaka maneno ya kutia moyo arudie ile risala aliyosoma mkuu wetu. Ilikuwa ndefu ya kutosha.

Mimi si Mshambaa, ingawa nimezikwa nusu katika milima hii. Baba yangu alitoka Njombe kuja kuchuma chai upande wa Bungu, akaoa Mbondei, nami nikazaliwa katika zile nyumba za mstari za wafanyakazi, ambako Mwislamu na Mkristo waligawana ukuta na chumvi. Kishambaa nilikiokota kwenye bomba la maji, na mpaka leo lafudhi yangu inawachekesha watoto. Jioni mama alikuwa akirudi na kikapu chake kutoka kwenye mizani. Siku nyingine alikuja amenuna, maana mpimaji alichomoa jani moja gumu juu ya kikapu, akalinyanyua watu walione, akakata kilo. Nilijiapiza kwamba nikikua nitasimama upande wa pili wa mizani, na nitakuwa na haki. Nilikuwa na miaka tisa hivi.

Nilipotoka chuo cha kilimo nilipangiwa Lushoto, nikakabidhiwa kwa Bwana Mhina, mkaguzi mzee aliyevaa koti moja msimu wa baridi na msimu wa joto. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinipa kikombe cha chai, akanipa kipimo cha sukari, kile kijibomba cha kioo unachodondoshea maji ya tunda kisha ukakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Kulikuwa na mnunuzi aliyetaka plamsi za kutengeneza mvinyo, naye hakuchukua plamsi isiyofika alama fulani ya utamu. Mzee mmoja aliyekwisha kuhiji alileta ndoo sita.

"Hizi anafanyia nini huyu mtu wenu?" akauliza.

"Juisi, hajji," akasema Bwana Mhina bila kupepesa.

"Juisi inayokaa chupani miaka miwili?"

"Hiyo hiyo."

Hajji akacheka mpaka akashika fimbo yake vizuri. "Mimi nauza tunda, Bwana Mhina. Likivuka geti langu si langu tena."

Nililikumbuka neno hilo miaka mingi baadaye, zilipokuja kanuni za kuuza nje. Kanuni hizo zinasema kinyume kabisa: tunda likivuka geti lako, likipanda gari, likipanda ndege, likafika kwenye sahani ya mtu usiyemjua, bado ni lako, na likimdhuru utatafutwa. Sisemi ni kanuni mbaya. Nimezitetea kwenye mikutano zaidi ya mia, na ningezitetea leo kama kuna mtu angeniuliza.

Kutoka kwa Bwana Mhina nilijifunza mkono. Kila kreti aliiingiza mkono mpaka chini kabisa, mpaka kiwiko kikapotea, akatoa ngumi moja ya mzigo wa chini. "Juu ni salamu," alikuwa akisema, "habari iko chini." Nilijifunza kuvunja harage karibu na sikio: likikatika kwa mlio ni changa, likipinda limeshakuwa mboga ya ng'ombe. Nilijifunza kutumia kibao cha matundu, ambacho harage linapitishwa tundu dogo na tundu kubwa. Linalopita dogo ni jembamba mno, lisilopita kubwa ni nene mno, na lililopinda halihitaji hata kupimwa. Yote hayo ni rijekti, yaani mzigo uliokataliwa. Msishangae kwamba rijekti zilikuwa zinaliwa na mifugo. Mtu wa Soni ukimpa harage changa atakuuliza ulikuwa na haraka gani ya kulichuma kabla halijawa harage.

Kikundi cha bonde la chini ya Malindi nilikianzisha mwenyewe, baada ya Bwana Mhina kustaafu. Kilikuwa na wakulima thelathini na watatu, wenye mashamba ya mgongo wa mlima yenye matuta kama ngazi. Mwenyekiti wao alikuwa Singano, mtu mchapakazi, mwepesi wa kucheka, aliyelima maharage upande mmoja na nyanya upande wa pili. Kila shamba lilikuwa na namba kwenye kibao, na kila kreti iliandikwa namba ya shamba lake kwa wino usiofutika. Sheria kuu zilikuwa tatu, na niliwaimbisha mpaka wakanichoka. Ukipiga dawa, ngoja siku zilizoandikwa kabla hujachuma. Kreti ya namba yako isiingie harage la mwenzako. Na namba ikikosa kuleta mzigo wiki tatu mfululizo, nafasi yake inakwenda kwa anayesubiri, na waliokuwa wakisubiri walikuwa wengi.

Namba ishirini na saba ilikuwa ya Mama Mwanaisha na mumewe. Wakati ninaousimulia alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini, mwembamba, msemaji wa taratibu, na kreti yake sikuhitaji kuiingiza mkono, ingawa niliingiza kwa kuwa ndiyo kazi. Chini na juu ilikuwa sawa. Maharage yake yalilala upande mmoja, vikonyo vyote vikitazama kushoto. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajisumbua hivyo wakati kule wanakwenda kuyamwaga.

"Nimeyalaza," akasema. "Yana safari ndefu."

Mumewe alifariki katikati ya msimu, ghafla, akitoka kuswali. Mama Mwanaisha akakaa eda. Kwa desturi ya kule, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki kwenda shamba, wala haonani na wanaume wasio ndugu zake. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Mombo na ana mtoto mchanga. Na harage changa halijui msiba. Usipolichuma kila baada ya siku mbili linakomaa, na shamba zima linageuka rijekti. Wiki ya kwanza namba ishirini na saba haikuleta kitu. Wiki ya pili pia. Wiki ya tatu kreti mbili zikaja kwenye banda letu la kupangia mzigo, zimejaa, zimeandikwa ishirini na saba.

Niliingiza mkono. Nikatoa maharage ya mikono saba au minane: mengine yamechumwa na vikonyo virefu, mengine bila vikonyo, mengine ya kijani kibichi, mengine yaliyopauka kidogo ya mashamba ya upande wa jua. Nikamwita Singano kando.

"Hizi si za ishirini na saba."

"Ni za ishirini na saba, Bibi Shamba. Tumemchangia."

"Singano, unajua sheria."

"Najua. Ila wewe umezaliwa huku huku, unajua na msiba. Watu wamepeleka unga, wamepeleka kuni, na kila nyumba imetoa kisahani cha maharage. Ungetaka tumwambie mjane akimaliza eda atakuta na namba yake imeolewa?"

Nilisimama na ile ngumi ya maharage mkononi. Kama mnataka kujua mkaguzi anaharibikiwa saa ngapi, ni saa kama hiyo, asubuhi yenye jua zuri, mbele ya watu wema. Hakuna aliyenipa hongo. Nilisaini. Nikasaini na wiki iliyofuata, na iliyofuata, na nakiri kwamba siku zile nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwenye utu.

Wiki ya sita ikaja barua. Mzigo wetu ulipimwa ng'ambo ukakutwa na mabaki ya dawa ambayo hairuhusiwi kwenye maharage, ukateketezwa wote. Dawa yenyewe tuliifahamu kwa kifuniko chake chekundu. Ni ya nyanya. Na namba ya kreti iliyochukuliwa sampuli ilikuwa ishirini na saba.

Mwakilishi wa mnunuzi alipanda kutoka Mombo siku ya pili yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka. Alituambia mambo mawili. Kama mwenye namba hiyo alipiga dawa isiyoruhusiwa, basi yeye anafutwa moja kwa moja, na kikundi kinaendelea. Kama kikundi kilichanganya mizigo, basi kikundi kizima kinasimama msimu mmoja, kinafundishwa upya, kisha kinarudi na wote thelathini na watatu. Akatupa fomu ya kukiri kosa, ya Kiingereza, akasema ataipitia kesho asubuhi.

Someni tena hapo, vijana wangu, kwa sababu mimi nilipasikia vizuri na nikapaelewa. Msimu mmoja kwa wote, au maisha yote kwa mmoja ambaye hakugusa pampu.

Tulikaa bandani, kwenye kreti zilizopinduliwa. Singano alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu mmoja akasema ana watoto wawili sekondari, msimu mmoja utawarudisha nyumbani. Mwingine akasema amekwisha kununua mbegu. Mwanamke mmoja alianza kusema, "Lakini yule mama wa watu..." akanyamazishwa kwa macho. Hakuna aliyeuliza ni nani miongoni mwetu aliyechuma pembeni mwa nyanya, maana ukiuliza hilo umekwisha kukubali kwamba tulichanganya. Mwisho Singano akanigeukia.

"Eda yenyewe bado. Kuchuma hachumi. Na sisi wanaume hatuwezi kuingia kule. Wewe ni mwanamke, Bibi Shamba."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuandika ukweli kwenye karatasi yangu ya ukaguzi na kumpa mwakilishi asubuhi. Ila saini chini ya kreti zile zilikuwa zangu, wiki tatu mfululizo, na mkaguzi anayesaini mzigo uliochanganywa hana kazi. Niliogopa. Nimelitafutia neno jingine miaka yote hii, sijalipata. Nikachukua fomu, nikapanda.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka katika chumba cha ndani, amejifunika shuka nyeupe, dirisha limefunguliwa kidogo. Kutoka pale lilionekana tuta moja la shamba lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Bibi Shamba. Umepanda kwa miguu?"

"Kwa miguu. Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Watu wamenifaa sana. Nasikia hata kreti zangu zinakwenda."

Nilimweleza. Nilimweleza dawa, barua, mzigo ulioteketezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi pampu yangu ina ufa tangu Ramadhani. Marehemu alisema ataipeleka Lushoto ikachomelewe." Akalitazama lile tuta dirishani. "Kwa hiyo imetoka kwenye visahani vyao."

"Inaelekea."

"Ni nani?"

"Hatujui, mama."

"Na mkisema walinichangia, watafungiwa?"

"Watafungiwa."

"Wote?"

"Wote," nikasema.

Sikusema msimu mmoja. Maneno mawili tu, yalikuwa mdomoni, nikayameza na mate. Yeye alielewa nilivyotaka aelewe, kwamba ni kufungiwa kwa moja kwa moja, nyumba thelathini na mbili kwa ajili yake mmoja. Aliitazama ile fomu asiyoweza kuisoma. Kalamu aliijua, kwa herufi za chuo cha Kurani alizofundishwa utotoni.

"Wao wamenichangia msibani," akasema. "Acha na mimi niwachangie." Akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, vizuri. Kisha akanirudishia kalamu kwa mikono miwili. "Eda ikiisha nitarudi, si ndiyo?"

"Utarudi, mama," nikasema.

Nilijua harudi. Namba iliyofutwa kwa dawa hairudi. Ilikuwa imeandikwa kwenye ile ile fomu, mstari wa pili kutoka chini. Akaniagiza nichukue ndizi mbili jikoni kwa sababu nimetoka mbali. Nilizichukua, na nilizila njiani, kwa sababu nilikuwa na njaa. Hilo nalo liandikwe.

Mwakilishi alichukua fomu, akatushukuru kwa ushirikiano. Kikundi kiliendelea. Namba ishirini na saba walimpa kijana mmoja aliyekuwa akisubiri. Eda ilipoisha, Mama Mwanaisha alishuka bandani siku ya mzigo, amevaa kanga yake mpya, kikapu kichwani. Nilimwona kwa mbali, nikamtuma Singano akamwambie asubiri kwanza msimu huu upite. Nikaingia ndani ya gari la ubaridi kukagua joto la mzigo. Nilikaa humo mpaka vidole vikafa ganzi.

Na yote hayo hayakumsaidia mtu. Kwa kuwa hatukumtaja aliyekosea, aliyekosea hakuacha. Msimu wa pili baada ya huo ikaja barua nyingine, dawa ya kifuniko chekundu ile ile, safari hii kreti namba moja, ya Singano mwenyewe. Mnunuzi hakutuma mtu. Hakuleta fomu. Aliacha tu kuleta gari. Tulikaa na mzigo bandani siku mbili tukisikiliza kila injini inayopanda kutoka Soni, siku ya tatu tukawaita wenye ng'ombe.

Singano alikuja ofisini kwangu baada ya hapo, akakaa bila kukaribishwa.

"Na ile ya kwanza ilikuwa yangu," akasema. "Kile kisahani nilichuma ukingoni mwa nyanya. Nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja. Wallahi sikukusudia."

"Ulijua siku ile tulipokaa?"

"Nilijua." Akafuta uso kwa kofia yake. "Na wewe ulijua ni msimu mmoja."

Akavaa kofia, akatoka. Alikufa miaka michache baadaye, Mungu amrehemu, na mazikoni nilichangia unga.

Banda letu sasa linahifadhi saruji. Bonde limerudi kwenye kabichi zinazoshindiliwa kwenye magunia ya lumbesa, yale yenye kilemba juu kinachozidi gunia lenyewe, ambayo sheria inayakataza na kila mtu anayapakia. Nimezunguka vikundi vingine kumi na kitu baada ya hapo, nikafundisha, nikaimbisha sheria zile zile tatu. Vingi vimekufa. Mkiniuliza kwa nini, nitawaambia kanuni zinatungwa na watu wasiowahi kupeleka kuni msibani, na zinasimamiwa na watu kama mimi. Hilo la pili ndilo baya zaidi.

Wiki mbili baada ya kuniaga nilipanda Malindi. Nilikusudia kumwambia Mama Mwanaisha yale maneno mawili. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye gari mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa.

Amezeeka sana. Alinijua kwa sauti kwanza. "Onga mshi, Bibi Shamba," akanisalimu kwa Kishambaa kunichokoza, nami nikajibu vibaya kama kawaida, akacheka. Kisha nikatoa shikamoo yangu, akaipokea. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Palikuwa na tuta moja la maharage machanga. Moja tu, refu kama chumba, limepaliliwa, limesimikwa kibao cha namba, wino umepauka lakini unasomeka. Kwenye kivuli cha ukuta palikuwa na kreti yetu ya zamani.

"Kila msimu napanda," akasema. "Nachuma kila baada ya siku mbili. Mkono usisahau."

"Unamuuzia nani, mama?"

"Ng'ombe." Akacheka tena. "Nani mwingine? Lakini ulisema nitarudi. Siku mkifungua msije mkanikuta nimekuwa mzembe. Hebu kagua."

Niliingiza mkono mpaka chini, kiwiko kikapotea. Nilitoa ngumi moja. Yalikuwa yamenyooka yote, unene mmoja, vikonyo vinatazama kushoto. Nikavunja moja karibu na sikio, likakatika kwa mlio. Katika kazi yangu yote sijakagua mzigo safi kuliko ule.

"Yanafaa?" akauliza. Alikuwa ananitazama kama mtoto anayesubiri daftari lirudi.

"Yanafaa, mama."

"Basi waambie."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilifungua mdomo, nikamwona jinsi alivyosimama, nikaufunga. Hata kwamba nimestaafu sikumwambia. Alinifungia kilo mbili kwenye mfuko, akayalaza vizuri, akararua kipande cha boksi, akaandika 27 kwa mkaa na kukichomeka katikati. "Ukiwafikia wanunuzi waonyeshe," akasema. "Namba iko ndani, wasije wakachanganya."

Harage changa halikai. Siku ya tatu nilimpelekea jirani ampe ng'ombe wake. Kile kipande cha boksi ninacho, nimekiweka nyuma ya ile saa yenu ya ukutani. Mkija kunitembelea mtakiona. Na kama mmoja wenu anapangiwa upande wa Malindi, nyumba ni ile ya juu kabisa, ukipita msikiti. Mwambie ilikuwa msimu mmoja. Mimi nimeshindwa mara mbili.